Kilio Kwenye Utepe

Sinema ya Elungat ilikuwa mbaya, na nasema hivyo nikiwa mmoja wa walioshiriki. Ni ya nyumba yenye mzimu, na mzimu wenyewe alikuwa Edeku, fundi baiskeli wa Merikit, amepakwa unga wa muhogo uso mzima. Edeku ni mtu wa jasho jingi. Kufika katikati ya sinema unga umegeuka uji, na mzimu anajifuta mashavu kwa kiganja mbele ya watu. Mifupa ya wafu ilikuwa ya ng'ombe na mbuzi, imefungwa kwa katani, na mchungaji yeyote angekuonyesha paja la mbuzi liko wapi. Mlango unaojifungua wenyewe unavutwa kwa kamba, na kamba unaiona. Bibi harusi anapoingia kwenye chumba cha kutisha, kuku anapita nyuma yake, tena hana haraka, anadonoa.

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi pia ningecheka, kama nisingejua kinachofuata baada ya yule kuku.

Jina langu ni Asekenye. Nilizaliwa Merikit, kwa Wateso, nikaolewa Lunyo, kwa Wasamia, na Wesonga mwana wa Oundo. Tulikaa pamoja miaka mitatu, hatukupata mtoto. Mwaka wa hamsini na nane aliondoka kwenda kutafuta kazi bandarini Mombasa, akasema atatuma barua akifika. Barua haikuja. Uganda ikapata uhuru, Kenya nayo ikapata, barua haikuja. Nikabaki na mama yake, Taaka, ambaye mzee Oundo alishamwacha mjane. Nilimlimia mtama na muhogo, nikamtekea maji, na usiku miguu ikimuuma nilimkanda.

Mara mbili nilimwomba Taaka tumlilie mwanawe. Tuzike mgomba badala ya mwili, kama wafanyavyo waliopotelewa, yaishe. Mwanamke asiyejua kama mumewe yu hai au amekufa si mke na si mjane. Hata padri hakujua aniombee nini. Mara zote mbili Taaka alinijibu neno lile lile.

"Kwa sisi hapa, muke akililia bwana yake na bwana iko hai, ule bwana hamalizi mavuno. Wewe nataka kuua mutoto yangu?"

Nani anataka kumuua mumewe? Lakini moyoni nilikuwa nimeshaamua kwamba Wesonga amekufa. Jambo la pili lililowezekana lilikuwa baya kuliko kifo, na sikutaka kulitazama.

Elungat ni wa ukoo wetu, kaka yangu kwa hesabu za baba zetu. Zamani aliendesha gari la sinema za afya, zile za mbu na vyoo, akaona kwamba watu watatembea maili sita kutazama chochote kinachotikisika kwenye shuka. Padri mmoja alipokuwa anarudi kwao Ulaya alimwachia kamera kuukuu na mashine ya kunasa sauti, yenye utepe wa kahawia unaozunguka. Kiangazi cha mwaka wa sitini na tano Elungat akasema anatengeneza sinema ya kutisha. Alichagua nyumba moja Paya iliyoachwa na mnunuzi wa pamba, nyumba ya bati, madirisha bila vioo. Watu wa Paya walikuwa wakifika hapo wanavuka upande wa pili wa njia. Ukiwauliza kwa nini, kila mmoja anasema aliwakuta wazee wanafanya hivyo.

Aliniita kwa sababu ya koo langu. Merikit nzima inajua kwamba nikilia msibani, hata wanaomdai marehemu wanasamehe. Alihitaji kilio cha mke anayeukuta mwili wa mumewe. Picha ya sehemu hiyo alikuwa nayo tayari, ikabaki sauti.

Tuliingia mchana, jua kali nje, lakini ndani mlikuwa na ubaridi wa chini ya mtungi. Elungat akaweka mashine dirishani. "Dada, wewe lia tu. Mashine nasikia."

Nikalia. Akanisikilizisha. Ilikuwa sauti ya mbuzi aliyebanwa mguu, na Edeku, na unga wake wote, akatazama pembeni kwa aibu yangu.

"Kilio haiendi bila mwenyewe," nikamwambia. "Nalilia nani hapa? Ukuta?"

"Taja jina, basi. Jina yoyote."

Ni rahisi kusema. Ukitaja aliyeko kaburini unamwamsha bure. Ukitunga jina, huko duniani yuko mtu analo. Nilisimama katikati ya kile chumba, wanaume wawili wakinisubiri, na jina moja tu lilikuwa limekaa kooni kwangu miaka saba. Nikajiambia, hii ni sinema, ni kitu cha kutazama, nani wa Lunyo atakuja kutazama upuuzi wa Elungat? Sikufikiria kwamba sinema ina masikio ya watu wengi kuliko msiba wowote.

Nikafunga macho nikalia kama inavyopasa kulia, kwa jina la mtu, la baba yake na la mama yake.

"Wesonga wa Oundo, mwana wa Taaka. Wewe uliyenivusha Malaba mgongoni nisilowe miguu. Wewe uliyesema mlango wangu ndio mlango wako wa mwisho. Sasa najua umekufa, Wesonga. Najua umekufa, maana ungekuwa hai ungerudi kwako."

Niliporudia mara ya tatu bati lote la nyumba lilikuwa linalia pamoja nami, na nilipofunga mdomo liliendelea kidogo. Elungat alikuwa amevua kofia. Edeku alikuwa analia machozi ya kweli, unga unamtiririka shingoni. Hakuna aliyesema kimekuwa kizuri. Elungat akarudisha utepe nyuma, akaufungulia, sauti yangu ikatoka kwenye lile sanduku nami nimefunga kinywa. Nilimsikia mwanamke analilia mumewe, na nilimwamini.

Nilirudi Lunyo sina sauti. Siku tatu nilikuwa nanong'ona. Taaka alinitazama shingoni, akauliza, "Ulilia nani huko kwenu?" Nikamwambia vumbi. Tangu siku hiyo nikawa na mazoea ya kuamka alfajiri na kutazama juu ya paa. Kwa ukoo wa Oundo, kijiti kinachosimama kileleni mwa nyumba hutolewa siku mwenye nyumba anapokufa. Kijiti cha Wesonga kilikuwa palepale, kimepinda kidogo upande wa mtoni. Sikukumbuka kama zamani kilikuwa kimepinda.

Mwezi wa tano mtama ulipoanza kutoa masuke, Elungat akaleta sinema yake Busia, kwenye uwanja wa nyuma ya soko. Edeku hajui kufunga mdomo. Lunyo nzima ilishasikia kwamba mke wao ni mwigizaji. Wakaja kwa miguu, na Taaka mbele.

"Mama, miguu itakuuma," nilimwambia.

"Iache iume. Nakwenda sikia muke wetu."

Nilitangulia mbio nikamkuta Elungat ameinamia jenereta, mikono imejaa mafuta. Nikamwomba aitoe ile sehemu ya kilio. Hakuinua hata kichwa. "Dada, hiyo ikitoka, nabaki na nini? Nabaki na Edeku." Hakuwa amekosea. Nikaenda nikakaa chini karibu na Taaka.

Jua lilipozama wakaanza. Nimeshawaeleza habari za kamba na jasho na kuku. Watu walicheka, wa Uganda na waliovuka kizuizi cha mpaka kutoka Kenya, na Taaka alicheka pia, anajipiga magoti. Kuku akapita. Bibi harusi akafungua mlango wa ndani, picha ikawa giza kwa sababu Elungat hakujua kupima mwanga, shuka ikawa nyeusi tupu. Ndani ya weusi ule kilio changu kikatoka kwenye kipaza sauti kilichofungwa juu ya mti.

Kicheko kilikatika. Mzee mmoja akavua kofia. Muuza njugu akaweka sinia lake chini, na mwanamke nisiyemjua, nyuma kabisa, akaanza kulia naye, maana kilio kikiwa na jina hakiachwi kilie peke yake. Wesonga wa Oundo, mwana wa Taaka. Nilisubiri watu wa Lunyo wanigeukie kwa hasira. Hakuna aliyenigeukia. Wote walikuwa wanamtazama Taaka, na haikuwa hasira. Waliogopa.

Hapo ndipo nilipopaswa kuelewa. Sikuelewa hata nilipowaona vijana wawili wa ukoo wakitoka uwanjani kwa haraka, na badala ya njia ya nyumbani wakashika njia ya Mto Sio, ya kuvukia Kenya. Kilio kikaisha, mzimu akarudi na uji wake usoni, na hakuna aliyecheka tena. Taaka alikuwa amejifunika kichwa. Tulitembea kurudi Lunyo, watu wote wa kijiji kile kundi moja, na kila nilipokaribia walinipisha.

Asubuhi nilimkuta Taaka mlangoni kwangu. Alikuwa anatazama kijiti juu ya paa.

"Asekenye," akasema. "Iko hai."

"Nani?"

"Wesonga. Iko Funyula."

Funyula ni ng'ambo ya Sio. Ukitoka Lunyo asubuhi na mapema, unafika kabla umande haujakauka. Nilimwomba arudie, akarudia, na mengine yakafuata yenyewe. Mombasa alikaa miezi minne tu. Alirudi, akapata mwanamke Funyula, Awor jina lake, wana watoto watatu. Kila mwezi mama yake alikwenda kumwona, zile siku aliponiambia anakwenda kwa dada yake mgonjwa. Mimi ndiye niliyekuwa namfungia muhogo wa kumpelekea huyo mgonjwa.

"Nani anajua?"

Akazipitia kwa macho nyumba za jirani, moja baada ya nyingine, nikajua ni wote. Wanawake niliopalilia nao. Mwalimu wa kwaya. Lunyo nzima miaka saba walinisalimia asubuhi na jioni, wakaniuliza habari za shamba.

"Ningekuambia, ungerudi kwenu," akasema Taaka. "Nani angenilimia?"

Hasira ilinipanda. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Wala kilio hakikutoka kwa jirani, kilitoka kwangu. Kisha Taaka akafanya jambo ambalo mama mkwe hamfanyii mke wa mwanawe. Alipiga magoti, na miguu yake ile. Vijana walikuwa wamefika Funyula usiku uleule. Wesonga aliposikia alikuwa anakula, akaweka tonge chini, na tangu hapo hajalishika tena. Mtama ulibaki wiki sita kuvunwa.

"Kilio narudishwa na aliyelia," akasema. "Mwingine hawezi. Rudisha, mwanangu."

Nilikubali. Watu wanadhani nilikubali kwa huruma. Sikutaka afe, hilo kweli, lakini zaidi nilitaka nimwone.

Aliyeliliwa akiwa hai haingii kwa mlango, maana mlango umeshafungwa na kilio. Walitoboa ukuta wa nyuma wa nyumba yangu, tundu la mtu kupita ameinama. Mimi nikasimama ndani, karibu na nguzo ya kati, na kibuyu cha maji. Kazi yangu ilikuwa kurudia kilio chote, neno kwa neno kama nilivyokilia, bila kuongeza wala kupunguza. Kazi yake ni kujibu kila neno: nipo. Tukimaliza nampulizia maji kifuani, na anatoka kwa mlango wa mbele, mtu hai.

Wakaja naye Alhamisi adhuhuri. Ukoo mzima ulikuwa nje, hata watoto walikuwa wametulizwa. Akapita tundu kwa magoti, akasimama mbele yangu, akajipangusa vumbi. Alikuwa amekonda na macho yamezama. Lakini shati lake lilikuwa limepigwa pasi vizuri, kola imesimama, mkunjo wa mikono umenyooka. Mtu alikuwa ameamka mapema kulipiga lile shati. Nilitazama ule mkunjo nikasikia uchungu kuliko siku nilipoambiwa kuhusu watoto watatu.

"Asekenye," akasema.

Nikaanza.

"Wesonga wa Oundo, mwana wa Taaka."

"Nipo." Nje nikamsikia Taaka akishusha pumzi.

"Wewe uliyenivusha Malaba mgongoni nisilowe miguu."

"Nipo." Alikuwa anakumbuka, naona. Nami nilikumbuka: maji yalikuwa ya rangi ya chai, na alikuwa anaimba ili nisiogope.

"Wewe uliyesema mlango wangu ndio mlango wako wa mwisho."

Akatazama lile tundu alimopitia. "Nipo," akasema, na safari hii walioko nje hawakusikia; wazee wakamwambia aseme tena. Akasema tena.

Likabaki moja. Nililijua, naye alilijua. Vijana walikuwa wamemfikishia kilio chote. Nikalisema polepole, nikimtazama machoni.

"Najua umekufa, Wesonga. Najua umekufa, maana ungekuwa hai ungerudi kwako."

Inzi alikuwa anazunguka mdomo wa kibuyu.

"Jibu," mzee mmoja akasema kutoka nje.

Midomo yake ilifunguka. "Hiyo ruka," akaninong'oneza. "Asekenye, tafadhali. Hiyo wewe ruka."

"Siruki. Ndivyo nililia."

"Nilitaka kurudi. Mwaka wa kwanza nilitaka. Halafu mwaka ilipita, nikasikia haya."

Hayo yote yalikuwa maneno, lakini hakuna hata moja lililokuwa nipo. Nje Taaka alianza kumwita, "Jibu, mwanangu, ni neno moja tu," akaita na akaita. Ni kweli lilikuwa neno moja. Angelisema tu, hata kwa uongo wa mdomo, ningempulizia maji; nilikuwa nimeshayajaza kinywani. Lakini alinitazama, na mtu aliyekuwa ameniimbia mtoni bado alikuwa mle ndani kidogo, kiasi cha kuona aibu. Akashindwa. Akainamisha kichwa, machozi yakaanguka kwenye shati la Awor.

Nilisubiri mpaka mashavu yakaniuma. Kisha nikayameza yale maji, na yaliyobaki kwenye kibuyu nikayanywa pia, kwa sababu nilikuwa na kiu. Wesonga alipiga magoti akatoka alikoingilia. Nje hakuna aliyepiga kelele. Nilisikia tu miguu ikiondoka kuelekea mtoni.

Tundu nililiziba mwenyewe kesho yake. Nikafunga vyombo vyangu nikarudi Merikit, na hakuna mtu wa Lunyo aliyethubutu kunishika mkono.

Elungat alikuja wiki hiyohiyo. Alikuwa amekubaliana na watu wa Funyula kupeleka sinema yake Jumamosi, na mtu mmoja mwenye shati safi alikuwa amevuka mto kumwangukia miguuni. Edeku alikuwepo, anaziba tairi. Elungat akakaa kwenye gogo, akaweka ule utepe mapajani.

"Kilio ni yako, dada. Wewe sema. Nikate au niache?"

Nikafikiri juu ya shuka nyeusi kule Funyula, na watoto watatu wamekaa mbele wakimcheka kuku. Hao hawakunikosea kitu.

"Kata," nikasema.

Akakata kwa wembe, akanipa kipande. Sinema ikaenda Funyula bila kilio, na watu wakadai ni ya kitoto, wakaondoka kabla ya mwisho. Elungat hakutengeneza nyingine.

Kipande ninacho. Ni utepe wa kahawia, nimeuzungusha kwenye kigunzi cha hindi, uko chini ya nguo kwenye sanduku langu. Bila mashine hausemi kitu. Wesonga aliyavuka mavuno yale, ila hakuna ajuaye kilio kinahesabu mavuno yapi. Lakini kila mavuno, mtama ukianza kukauka, mtu hutoka Lunyo, akapita Busia na Tororo mpaka hapa kwangu, mara kijana wa ukoo, mara mke wa mwalimu wa kwaya. Anakaa, anakunywa maji, anasifu shamba langu, halafu anauliza kama ule utepe nimeuchoma. Nami namwambia kila mwaka jibu hilohilo, ampelekee aliyemtuma: aje aulize mwenyewe.